Maswali na Majibu: Acheni Kuniomba Maana ya "Mah"

Nipe Kiswahili cha vijineno vya Kisunda, mah, téh, da na atuh, moja moja.

Swali hili halichoki kurudi. Orodha hiyo haipo, na ukiipata mahali itupe. Chukua *mah*. Wasunda, wenyeji wa magharibi mwa kisiwa cha Java huko Indonesia, huibandika nyuma ya kile wanachokitenga na vingine: "Abdi mah teu terang", mimi sijui, labda wewe au yule. Sasa mgeni anaulizwa hali, anajibu "Abdi mah saé", mimi mzima. Sarufi safi, lakini mwenyeji anabaki kujiuliza ni nani basi anayeumwa.

Nasoma Bandung, mji wa Wasunda, mwaka wa pili, naongea vizuri, ila vijineno hivi havinitoki. Ni umri?

Umri mnausingizia mno. Mtu mzima husikilizia habari, na habari inafika hata vijineno vyote vikiondoka, kwa hiyo hakuna anayekusahihisha. Sokoni sema "Mang, ieu sabaraha?", mjomba, hii bei gani, bei utatajiwa. Mwenzako anasema "Mang, ieu téh sabaraha?", swali limelainika, soga inaanza. Wewe umeshaondoka na papai lako.

Tena wakikuona mgeni wanahamia Kiindonesia. Basi anzia humo humo, maana Kiindonesia cha Bandung kimejaa vitu hivi: "Saya mah tidak tahu", mimi sijui. Shika vifungu vizima, "Hayu atuh" (haya, twende), "Kumaha atuh" (sasa itakuwaje), pamoja na mkokoto wa sauti yake, kabla hujajitungia vya kwako. Na walimu wanaoviruka kwa kuwa havitungiki mtihani, lawama yao wanayo.

Naweza kumwambia mama mkwe "euy"?

Hapana. Hicho ni cha wenzio.

Na mliojifunzia bwenini, *aing*, ile "mimi" isiyo na adabu, iacheni huko huko. Kisunda kina ngazi, *lemes* ya heshima na *loma* ya wenzio, mfumo uliokolezwa na utawala wa Mataram wa Wajava katika karne ya 17. Chagua ngazi kwanza. Hakuna kijineno kitakachokuokoa ukiikosea.

Cenah si ndiyo eti yetu?

Karibu, ila usilale nayo. "Manéhna gering cenah": anaumwa, ndivyo wasemavyo. Msemaji anakabidhi habari aliyopewa, basi. *Eti* yetu mara nyingi ina kejeli ndani yake, na Mswahili akiisikia *cenah* kwa sikio hilo atadhani mgonjwa anasutwa.

Kisunda ni lahaja ya Kijava?

Si lahaja ya mtu. Ni lugha yenye wasemaji zaidi ya milioni 30. Msimuulize Msunda swali hilo.

Nikimwandikia msimamizi wangu naweka atuh kila sentensi, nisikike mwenyeji. Sawa?

Ndiyo maana hajibu. *Atuh* inasukuma. Mgeni anayesita mezani akiambiwa "Sok atuh", haya karibu, anasukumwa kwa upendo. "Enggal atuh, Pa" ina neno la heshima kabisa, *enggal*, na bado umemwambia mzee wa watu afanye haraka. Futa zote, mwombe radhi kwa *punten*, kisha subiri.