Shangazi, nimeacha nyama na sasa mama hataki kuongea na mimi

SWALI: Salamu shangazi. Mimi ni kijana wa Kakamega lakini nafanya kazi kwa duka la hadweya hapa Kisumu, bosi wangu ni Mhindi wa dini ya Jaini na kwao hakuna nyama hakuna samaki hata yai hawagusi. Mwanzo nilidhani ni maringo, halafu siku moja njiwa akafungiwa stoo, bosi akaacha wateja wamesimama kaunta akapanda ngazi mwenyewe kumtoa. Hiyo kitu iliniingia. Omena yangu nilikuwa nakulia nyuma ya stoo na hakuwahi kusema neno, kuacha niliacha mwenyewe, sasa ni miezi 4. Shida ni wikendi niliyoenda nyumbani, mama akanichinjia jogoo, akaniletea sahani na firigisi juu, ile ilikuwa ya baba kabla hajafariki. Nikasukuma sahani, nikawaambia wote pale mezani kwamba wao ni wauaji. Mama akatoka nje. Sasa nikipiga simu anampa dadangu. Nimekosa wapi na nilikuwa natetea kiumbe wa Mungu?

SHANGAZI: Mwanangu, nimesoma barua yako mara mbili na mara zote nimekwama hapo kwa firigisi. Wewe ni Mluhya, unajua kwa ingokho, yaani kuku, hiyo sehemu haipewi kila mtu. Mama alikuwa anakuambia mbele ya ndugu zako kwamba sasa wewe ndiwe mwenye boma, na hicho ndicho ulichosukuma.

Kuacha nyama sikulaumu, tena nafurahi. Lakini kaa na bosi wako akueleze hiyo ahimsa vizuri, manake Wajaini, tangu mafundisho ya Mahavira kule India zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, wanasema usiumize kiumbe kwa tendo, kwa neno wala kwa wazo, yote matatu. Watawa wao wengine hufagia njia wasikanyage mdudu, na wale washika dini sana hawali viazi, vitunguu wala karoti kwa sababu ukiving'oa mmea wote unakufa pamoja na vidudu vya udongoni. Watu wa huruma kiasi hicho, na bado bosi wako alikuona na omena yako akanyamaza, akakuachia tu mfano wa njiwa. Ulibadilishwa na mtu ambaye hakukutukana, sasa mama yako ungembadilisha na matusi kweli?

Wajaini wengi wa Kenya ni Waoshwal, wazee wao walitoka vijiji vya karibu na Jamnagar, Gujarat. Kila mwaka karibu Agosti au Septemba wanafunga siku 8 za Paryushan, na siku ya mwisho mkubwa kwa mdogo wanaombana msamaha, michhami dukkadam, yaani ubaya niliokutendea ufutike. Wewe usingoje Agosti. Na usiombe kwa simu, panda matatu Jumamosi uende.

Mama pia anaogopa utakonda, hiyo ni kawaida ya mama, kwa hivyo mwonyeshe unakula. Maharagwe, ndengu, kunde, njugu, si sukuma na ugali kila siku. Maziwa usiache, Wajaini wengi wanakunywa, na vitamini B12 huipati kwenye mboga.

Halafu kuna kuku walio hai bado, hao ndio wanakuhitaji. Nikipita soko la Kibuye hapo Kisumu naona wamefungwa miguu, vichwa chini, kwa handobaa ya boda, midomo wazi kwa joto, mwendo wa saa nzima hivyo. Roho huniuma jamani. Sheria yetu ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inakataza kumbeba mnyama kwa njia ya kumtesa bure, ila ni wachache wanaijua. Mnunulie mama tenga la kubebea kuku siku ya soko na umrekebishie banda, ukiwa hapo unapiga misumari mtaongea tu.

Mwambie: mama, heshima yako nimeipokea, ila kwa ajili yangu usichinje tena, nipikie mboga ya murere na mushenye wa maharagwe. Akipakua, kaa pale kiti alichokupa umalize sahani.