Isikilize kelele kabla hujashika bisibisi

Wadogo zangu mnaoanza ufundi wa kompyuta, kosa lililonifunza zaidi kazi hii ni kubadilisha kadi ya sauti kabla sijaisikiliza. Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili karakanani hapa Kampala. Akaja kaka mmoja kutoka Bombo, anarekodi mawaidha na kaswida, analalamika kwamba spika zake zinavuma mfululizo hata pasipo kitu kinachopigwa. Nikamuuzia kadi mpya, nikaifunga, nikaijaribu kwa hedifoni mezani kwangu: kimya kabisa. Akalipa, akaenda. Jioni akapiga simu kwamba mvumo uko palepale.

Nilimrudishia pesa zake, na kesho yake nikapanda matatu hadi Bombo nikaone kwa macho yangu. Kompyuta ilichomekwa ukuta huu, amplifaya ukuta wa pili, na waya mrefu wa sauti ukaviunganisha. Nikavihamishia vyote viwili kwenye ekstensheni moja. Mvumo ukakatika hapohapo. Kadi ya zamani ilikuwa nzima tangu mwanzo.

Ule mvumo mzito, wa chini, usiopanda wala kushuka, mtakutana nao sana, kwa hiyo uelewe unatoka wapi. Umeme wetu Uganda ni volti 240, hezi 50. Vyombo viwili vyenye waya wa athi (earth, ule unaopeleka umeme ardhini) vikichomekwa soketi mbili zilizo mbali, athi zao huwa hazilingani kabisa. Tofauti hiyo ndogo inatafuta njia, na njia inayoipata ni ganda la waya wa sauti, yaani ule wavu wa chuma uliozunguka nyuzi za ndani. Amplifaya haijui kwamba huo si muziki, inaukuza tu. Ekstensheni moja hutosha mara nyingi. Isipotosha, weka transfoma ndogo ya kutenganisha sauti kati ya kompyuta na amplifaya.

Kuna mafundi watakaokwambia ukate mguu wa athi kwenye plagi. Ni kweli mvumo unaweza kuisha. Lakini siku waya wa moto utakapogusa bodi ya chuma ya amplifaya, mtu atakayeishika ndiye atakayekuwa athi. Nimeshafungua plagi nyingi zilizokatwa hivyo na kila mara naumia moyo, kwa sababu aliyefanya alilipwa kwa kazi hiyo. Usifanye, hata mteja akikuomba.

Basi mteja akifika, usianze na kufungua kava. Chomoa spika, chomoa maikrofoni, chomeka hedifoni nzima kwenye tundu lilelile la sauti alilokuwa akitumia mteja, kisha usikilize. Ukisikia kimya, tafuta nje: spika, amplifaya, waya, umeme wa pale nyumbani kwake. Muulize pia kelele huja saa ngapi. Wengi wetu umeme ukikatika tunahamia kwenye betri na inveta, na zile inveta za bei nafuu hazitoi wimbi laini kama la umeme wa kawaida. Spika hulia kwa mlio mkali wa kukwaruza mpaka umeme urudi. Mteja akikwambia "huwa usiku tu, umeme ukienda," umeshapata nusu ya jibu. Na ile tititi-tititi inayokuja kwa vipindi ni simu iliyowekwa karibu na spika. Isogeze.

Kelele ikisikika hata kwenye hedifoni, sasa isogeze mausi huku unasikiliza. Fungua dirisha kubwa, lishushe na kulipandisha. Kama kuna kilio chembamba kinachofuata mkono wako, kadi inadaka mawimbi ya umeme kutoka kwa majirani zake ndani ya kompyuta. Kwanza hamisha hedifoni kati ya tundu la mbele na la nyuma. Tundu la mbele linaunganishwa kwa waya mwembamba unaopita juu ya ubao mama (motherboard) wote, mara nyingi bila ganda la kuukinga, kwa hiyo la nyuma huwa safi zaidi. Likiwa safi, mfunze mteja atumie hilo na kazi imeisha. Yote mawili yakilia, kadi ndogo ya nje ya USB itasaidia, kwa kuwa inaitoa sauti nje ya sanduku lile. Lakini USB nayo inabeba umeme wa kompyuta ileile, kwa hiyo ijaribu kabla hujaiuza.

Mchakacho wa shhh usiobadilika, kama mvua ya mbali, uutafute kwenye mikisa ya programu, pale unapopandisha na kushusha sauti za kila mlango. Maikrofoni iliyoachwa wazi ikiwa na nyongeza ya desibeli 20 au 30 inaleta mchakacho huo hata bila kuchomekwa chochote. Zima kila mlango wa sauti usiotumika.

Aina inayowachanganya wanaoanza ni ile ya kutatarika: tk, tk-tk, sauti inakatika kidogo na kurudi, hasa kompyuta ikiwa na kazi nyingi. Hapo usiguse waya. Mashine imechelewa kuipelekea kadi data. Kwa anayerekodi, angalia bafa, yaani akiba ya sauti ambayo kompyuta huandaa kabla ya kuipeleka: sampuli 128 kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde ni chini ya milisekunde 3, na mashine ya zamani mara nyingi haiwezi kuwahi. Ipandishe hadi 512, takriban milisekunde 11, usikilize tena. Kisha zima Wi-Fi kwa muda, kwani draiva yake (programu inayokiendesha kifaa) hupenda kuishika mashine. Programu ya LatencyMon kwenye Windows itakuonyesha draiva gani inachelewesha. Kwenye Linux kuna mlio mmoja wa "pa!" kila muziki unapoanza au kuisha, hiyo ni kadi inalala na kuamka, na inatulia ukiweka 0 kwenye mpangilio wa power_save wa snd_hda_intel, draiva ya sauti.

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu na kelele ikaisha, hujui ulichotengeneza.

Bado inalia? Washa kompyuta kwa Linux kutoka kwenye flashi. Ikinyamaza, tatizo ni draiva au mipangilio ya mfumo wake. Ikiendelea vilevile, sasa fungua kava, pangusa vumbi, angalia kapasita (vile vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme) zilizofura kichwa kwenye ubao na kwenye pawasaplai. Jaribu pawasaplai nyingine nzima ukiwa nayo. Hayo yote yakishindwa ndipo umwambie mteja anunue kadi, na ile ya zamani umrudishie mkononi.