Kijarida cha babu kilichoshonwa kwa uzi wa nyavu

SWALI: Shikamoo Mzee. Kwenye sanduku la marehemu babu hapa Nansio tumekuta kijitabu cha kurasa 12, kimeshonwa mgongoni kwa uzi wa nyavu. Ndani mna mashairi, bei za samaki na barua za watu wanaojibizana. Hakuna jina la mpiga chapa, na herufi "o" nyingi zimejaa wino. Ni kitu gani hiki, na kilitengenezwaje?
Mjukuu, Ukerewe

JIBU: Marahaba, mjukuu. Hizo "o" nyeusi kama macho ya dagaa ndizo zimenipa jibu. Hicho ni kijarida cha stensili, kazi ya watu wa nyumbani. Mimi mwenyewe nilichafuka wino wa namna hiyo hapa Mabatini, Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kazi ilianzia kwenye taipureta. Unausogeza utepe pembeni, unaingiza stensili, yaani karatasi ya nta, na kila herufi unayogonga inaikata ile nta ili wino upate pa kupita. Ukigonga "o" kwa nguvu, kiduara cha katikati kinadondoka, na hapo wino unajaa. Aliyepiga taipu kijarida cha babu yako alikuwa na kidole kizito. Ukikosea, unapaka dawa nyekundu yenye harufu ya rangi ya kucha, unaipuliza mpaka ikauke, unagonga tena juu yake. Halafu stensili inavalishwa kwenye mashine ya kudurufu, mmoja anazungusha mkono, mwingine anapokea karatasi zikiwa bado mbichi. Ukizipanga upesi zinapakana wino, na msomaji wako anasoma kurasa mbili kwa mpigo.

Karatasi zenyewe zilikuwa adimu. Baada ya vita vya Kagera hata sabuni tulipanga foleni, sembuse karatasi. Tulitumia fomu kuukuu za pamba: upande mmoja kilo na senti za wakulima, upande wa pili majibizano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, nani kamshinda nani kwenye ngoma. Nakala tulizitia kwenye meli ya Nansio au tukawapa wachuuzi wa soko la samaki la Mwaloni. Hatukukipa kijarida jina. Watu walikiita "kile cha Mabatini", ikatosha.

Mashine haikuwa yetu. Ilikuwa ya ofisi moja nisiyoitaja, nilikokuwa karani, na mlinzi wa usiku tulimnyamazisha kwa sato. Usiku mmoja nikasahau stensili kwenye mashine. Asubuhi mhudumu akatumwa kudurufu tangazo la kikao, akazungusha bila kutazama, zikatoka nakala 30 za shairi la kumkebehi mume mlevi. Bosi aliamini ni yeye anayesemwa. Nilipewa barua ya onyo, na nakala zake zikagawiwa idara zote, zimedurufiwa kwa mashine ileile.

Usidhani basi tulikuwa wa kwanza. Kule Chicago, Mei 1930, wapenzi wa hadithi za kisayansi walitoa kijarida chao, The Comet, na wengi hukitaja kuwa mzazi wa vijarida vya namna hii. Hapa kwetu Sauti ya TANU nayo ilitoka kwa mashine ya kudurufu. Ndiyo iliyompeleka Nyerere mahakamani mwaka 1958, akatozwa faini ya shilingi 3,000 kwa kuwakashifu maofisa wawili wa kikoloni. Mwaka 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaanzisha Cheche, nalo likapigwa marufuku mwaka 1970. Kwangu mimi Cheche lilikuwa gumu kusoma, maana liliandikwa Kiingereza, lakini nawavulia kofia: kukata stensili za makala ndefu vile ni adhabu.

Sasa kuhusu hicho chako. Si chetu, kwa sababu sisi tulibana kwa pini. Pini zile zilishika kutu, zikala karatasi, na kwangu haijabaki hata nakala moja. Aliyefikiria uzi wa nyavu alinizidi akili. Kwa hiyo usikibandike soltepu wala usikipeleke kulaminishwa. Kizungushie karatasi safi, kiweke pakavu, mbali na jua na mende. Kila ukurasa upige picha kwa simu, na upande wa nyuma pia kama una maandishi ya fomu.

Halafu niandikie tena, unitajie bei ya sato iliyomo humo. Nikiijua, nitakukadiria mwaka.