Chupa ya Bordeaux isiyotaja zabibu

SWALI: Mhariri, chupa nyingi za divai nyekundu ya Bordeaux hazitaji aina ya zabibu. Nitajuaje ladha ya kutarajia, na je, niinywe baridi?

JIBU: Ndugu msomaji, divai nyekundu za Bordeaux, Ufaransa, kwa kawaida ni mchanganyiko wa zabibu za aina kadhaa, hasa Cabernet Sauvignon, ambayo huipa divai ukakasi na uwezo wa kukaa miaka mingi, na Merlot, ambayo huilainisha, kwa hiyo kitakachokuongoza ni jina la mahali. Divai ya Pauillac, katika ukingo wa kushoto wa mlango wa mto Gironde, kwa kawaida huwa na Cabernet Sauvignon nyingi, ilhali ile ya Saint-Émilion au Pomerol, kaskazini mwa mto Dordogne, mara nyingi hutawaliwa na Merlot, nami ningemshauri anayeanza aanzie hapo. Pauillac changa isiyo na nyama ya kuisindikiza huchosha ulimi mapema.

Usiinywe baridi kama bia, kwani ubaridi huzidisha ukakasi. Nyuzi 16 hadi 18 za selsiasi zinafaa. Anayeishi Mombasa au Dar es Salaam na aiweke kwenye jokofu kwa muda mfupi kwanza.