Uliza Ujibiwe: Skopu ya usiku na sungura wa shambani

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu habari za bunduki za upepo kwa ndugu zetu wanaofanya kazi mashambani huko Ulaya, mbona meseji zimemiminika, na karibu zote zinauliza kitu hicho hicho: skopu za kuonea usiku, yaani darubini za kulengea zinazofungwa juu ya bunduki. Hii ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana imebeba na za wenzake.

Kaka wa safu, salam. Mi niko Lincolnshire, Uingereza, shamba la kabichi na brokoli. Bosi amechoka na sungura wanaotafuna mistari ya pembeni usiku kucha, kaniruhusu nikitoka kazini niwapunguze. Nina bunduki ya upepo ya .22, ile ya springi unayoikoki kwa kukunja mtutu, nguvu ya kawaida isiyohitaji leseni. Jamaa mmoja ananiambia ninunue skopu ya joto ya pauni elfu mbili na ushee, mwingine anasema ya dijitali inatosha, wa tatu anasema zote takataka kama siyo jenereshini 3 ya kijeshi. Nataka nipige hata mita 80. Ninunue ipi, na polisi wakinikuta je? Mdau wa Lincolnshire

Mdau, kwanza hizo mita 80 zifute kichwani kabisa tuelewane. Bunduki yako isiyohitaji leseni imewekewa kikomo cha futi-paundi 12, yaani kama joule 16 hivi, na hiyo nguvu inamuua sungura vizuri ukimpiga kichwani ndani ya mita 30, tuseme 35 kama mkono wako umetulia na hakuna upepo, zaidi ya hapo unamjeruhi anakimbilia shimoni anakufa polepole na hujapata kitu. Skopu hata iwe ya bei gani haiongezi nguvu ya bunduki, na hapa ndo watu wengi wanapoliwa hela, wananunua mashine inayoona mita 400 wanaifunga kwenye bunduki inayofika 35.

Sasa tuje kwenye aina. Jenereshini 1, 2, 3 ni zile za mrija, zinachukua mwanga kidogo wa nyota na mwezi zinaukuza ndani ya mrija, ndo zile picha za kijani unazoziona kwenye taarifa za vita. Ni teknolojia ya zamani bana, Wajerumani walikuwa na skopu yao ya usiku iitwayo Vampir mwaka 1945 mwanajeshi anabeba betri mgongoni, Wamarekani nao mwaka huohuo walitumia karabini (bunduki fupi) zenye taa ya infraredi, mwanga ambao jicho la mtu halioni, kule Okinawa, alafu Vietnam zikaja zinazotumia mwanga wa nyota tu. Jenereshini 3 nzuri kweli, sikatai, lakini ni maelfu ya pauni, na ukiisahau imewashwa mchana kweupe unaweza kuuharibu mrija. Kwa sungura wa kabichi? Hapana. Huyo rafiki yako wa tatu anapenda sinema.

Ya joto inaona tofauti za joto, yenyewe haihitaji mwanga wowote, na kwa KUTAFUTA mnyama hakuna kinachoifikia, sungura amekaa kwenye majani unamuona kama kaa la moto. Tatizo linakuja kwenye kumtambua. Kwenye skopu ya joto ya bei ya chini kitu kidogo cha duara chenye joto kinaweza kuwa sungura, kinaweza kuwa paka wa bosi, kinaweza kuwa kalunguyeye wa Kizungu, na majani au waya wa fensi uliopo katikati yako na yeye huuoni maana una joto sawa na kila kitu kingine, risasi inagusa kijiti inapotea njia. Pia haipenyi kioo, usijidanganye kwamba utakaa kwenye gari na dirisha limefungwa.

Kwa hiyo mi nakwambia chukua ya dijitali. Ina sensa kama ya kamera ya simu na taa yake ya infraredi, mchana unaitumia kama kawaida haiharibiki, usiku unawasha taa unaona mpaka ndevu za sungura, na kwa pauni mia tatu mpaka mia tano hivi unapata ya maana, Pard, Sightmark, HIKMICRO, zipo nyingi. Ukibakiwa na hela ongeza kidarubini cha joto cha mkononi, kile cha kutafutia tu, maana kuzungusha bunduki nzima kutafuta mnyama siyo adabu, unamnyooshea mtutu kila kilichopo mbele yako kabla hujajua ni nini. Unatafuta kwa cha mkononi, unahakikisha kwa skopu.

Lakini ngoja, kuna kitu muuzaji anaweza asikwambie. Bunduki yako ni ya springi, na hizo zinapiga teke mara mbili, kwanza nyuma alafu mbele, na hilo teke la mbele ndo linaloua skopu za elektroniki. Zipo zinazostahimili na zipo zinazokufa baada ya muda mfupi tu, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa, na akikujibu kwa kusitasita tembea. Angalia pia reli, ile ya juu ya bunduki inayofungiwa skopu, bunduki nyingi za upepo zina reli nyembamba ya milimita 11 wakati skopu nyingi za usiku zinakuja na mguu wa Picatinny ambao ni mpana, utahitaji adapta. Na fokasi, hakikisha inashuka mpaka mita 10 au 15, kuna skopu zimetengenezwa kwa ajili ya raifo za mita 100 ukiitumia karibu unaona ukungu tu.

Ukishaifunga, ipatanishe na bunduki mchana, tuseme mita 25 au 30, kwa zile zile peleti (virisasi vya bunduki ya upepo) utakazowindia maana ukibadilisha aina na shabaha inahama. Alafu piga karatasi kuanzia mita 10, 15, 20 mpaka 40 uone inaangukia wapi, andika kwenye kikaratasi ubandike kwenye kitako cha bunduki. Skopu hizi zinakaa juu sana ya mtutu kwa hiyo hata karibu, mita 10, inapiga chini, watu wanashangaa. Na usiku jicho halijui umbali kabisa, sungura wa mita 25 na wa mita 45 wanafanana kwenye skrini, na peleti ya .22 inaporomoka vibaya hapo katikati. Kama skopu ina kipima umbali cha leza ndani yake, hiyo nyongeza ndo ningeilipia kabla ya kulipia zumu. La sivyo, pima mchana, ile nguzo ya fensi ni mita 30, anayekula nyuma ya nguzo muache ale.

Polisi sasa. England na Wales bunduki hiyo haihitaji leseni ukiwa na miaka 18 kwenda juu, na skopu ya usiku yenyewe siyo kosa. (Ukihamia Scotland mambo ni mengine, kule tangu mwisho wa 2016 hata ya upepo inatakiwa cheti.) Sungura wa mashimo ni mharibifu kisheria, kwa ruhusa ya mwenye shamba unampiga hata usiku. Hiyo ruhusa ichukue kwa maandishi, na uonyeshwe mpaka wa shamba unaishia wapi, maana ukivuka na bunduki kwenye ardhi ya jirani bila ruhusa hata kama haina kitu ndani ni kosa la kuingia na silaha, siyo la kuombana radhi. Wengi kabla ya kutoka wanapiga 101, namba ya polisi isiyo ya dharura, kuwajulisha kwamba leo nipo shamba fulani usiku, wanapewa namba ya kumbukumbu. Mtu mweusi, usiku, bunduki mkononi, mashamba ya Lincolnshire... mi ningepiga kila siku, sitaki hadithi.

Na siyo kila chenye macho yanayong'aa ni chako. Kulungu wa kule (deer) usiku marufuku. Ndege nao, sheria ya 1981 imekataza kuwapiga kwa kifaa cha kulengea usiku. Melesi, yule mwenye mistari usoni, analindwa na sheria yake mwenyewe ya 1992. Yule sungura mkubwa wa uwandani mwenye ncha nyeusi za masikio naye usiku muache, sheria yake ni nyingine. Kondoo wa jirani wanang'aa macho vilevile tena vizuri zaidi. Ukiona macho bila mwili, usifyatue.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi Houston, nina visa ya F-1. Washkaji wa darasani wananialika ranchi ya baba yao kuwinda usiku, rakuni, sungura na nguruwe pori, wana skopu za joto balaa. Naenda tu kama mgeni, kuna shida? Mwanafunzi, Texas

Marahaba mwanangu. Shida ipo na siyo kwa wenyeji wako, ni kwako. Wao Texas kwenye ardhi binafsi sungura hana msimu, nguruwe pori tangu Septemba 2019 hahitaji hata leseni ya uwindaji ukiwa na ruhusa ya mwenye ardhi, na skopu za usiku kwa wanyama hao ruksa. Ila sheria ya serikali kuu inasema mwenye visa ya muda kama yako haruhusiwi kuwa na bunduki wala risasi, labda awe na mojawapo ya vighairi, na kimoja ni kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Na "kuwa na" siyo kununua tu, hata kushikishwa ya mshkaji "jaribu kidogo" inaweza kuhesabiwa. Kwa hiyo ama chukua leseni ya Texas kwanza, na darasa lao la usalama wa wawindaji, na uiulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni ikuelekeze kwa mwanasheria, ama nenda ukachome nyama uangalie tu. Hiyo F-1 yako ina thamani kuliko rakuni. Na mkisema mwende California na hizo skopu, ulizeni kwanza, kule skopu ya bunduki inayotumia mwanga wa infraredi hata kuwa nayo tu ni kosa.

Habari za kazi. Niko Kilosa, kunde zangu zinamalizwa na sungura na digidigi usiku. Nina shemeji Marekani, aniletee skopu ya usiku niifunge kwenye gobore? Mkulima

Usithubutu. Tanzania kuwinda bila kibali ni kosa hata kama ni sungura, na kuwinda gizani sheria ya wanyamapori ya 2009 imekataza, sasa wewe ukikutwa na gobore, tena lina skopu ya usiku, nani atakuamini kwamba ulikuwa unalinda kunde? (Wa Kenya msiniandikie, kwenu uwindaji ulifungwa toka 1977.) Na shemeji naye usimponze, hizo skopu za mrija za Kimarekani kuzitoa nchini bila kibali ni kesi nzito. Zungushia wavu wa kuku wa matundu madogo ukuzike chini kidogo, mbwa mmoja alale shambani, na kama ni digidigi wengi nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya.

Asalaam aleikum. Sungura aliyeuawa kwa bunduki ya upepo analiwa? Leicester

Waaleikum salaam. Sungura mwenyewe kwa Shafii hana tatizo, Ithnaasheri hawamli. Suala ni namna alivyokufa. Suratul Maida aya ya 3 imeharamisha aliyekufa kwa kipigo, na ipo hadithi ya Adiy bin Hatim, aliyepigwa na ncha ya kijiti cha kuwindia ikamchoma kula, aliyepigwa na ubavu wake usile. Peleti basi iko wapi, inachoma au inagonga? Wanazuoni wametofautiana, na wapo wengi wanaosema ya bunduki ya upepo ni kugonga tu, hata ukisoma bismillahi wakati wa kufyatua, mpaka umkute hai umchinje. Sasa ukimpiga inavyotakiwa, kichwani, humkuti hai. Kwa hiyo muulize shehe wako KABLA hujatoka, usiende kumuuliza nyama ikiwa jikoni.

Nimenunua ya dijitali, mchana poa, usiku skrini yote nyeupe kama maziwa. Mbovu? Norwich

Siyo mbovu. Taa yako ya infraredi inapiga kitu cha karibu inarudi kwenye lenzi, mara nyingi ni kile kizuia sauti mbele ya mtutu, au majani marefu ukilala chini, au ukungu tu wa Norfolk. Punguza nguvu ya taa, wengi wanaiweka juu kabisa bila sababu wakati kwa mita 30 robo yake inatosha. Ihamishe iwe juu ya skopu, isogee mbele, siyo ubavuni karibu na mtutu. Punguza na mwanga wa skrini, jicho lako likitoka hapo halioni kitu kwa dakika kadhaa na shambani kuna mitaro. Kama sungura wanakimbia kila ukiwasha, angalia taa ni ya nanomita ngapi (kipimo cha wimbi la mwanga wake), ya 850 ina kidoti chekundu wanachoweza kukishtukia, ya 940 hawaioni ila haifiki mbali kama hiyo. Kwa umbali wako wa bunduki ya upepo 940 inatosha kabisa. Ukiwa kwenye ukungu mzito rudi tu nyumbani.