Mleta uzi, usisaini muhtasari huo: mwangalizi si msimamizi

Mleta uzi, simama hapo hapo. Umeuliza tofauti ya msimamizi, mwangalizi, meneja, mratibu na mkurugenzi, nusu kwa ajili ya wasifu wako wa kazi, nusu kwa ajili ya kikao cha ukoo cha Jumamosi kuhusu nyumba ya marehemu mama yenu pale Ngamiani, Tanga. Halafu ukamalizia eti mjomba mtamwandika "msimamizi wa mirathi" kwa sababu anakaa karibu na neno "limekaa kiheshima". Nimesoma mstari huo chai ikanipoa mkononi. Heshima hiyo mimi nimeilipia shamba zima la minazi.

Baba alipofariki alituachia shamba njia ya Pangani. Sisi watoto tumetawanyika, huyu Dar, huyu Moshi, mmoja kavuka mpaka yuko Mombasa. Ami ndiye jirani wa shamba. Tulichomtakia ni kidogo tu: afukuze wezi, aite wakwezi, auze nazi, atutumie kinachobaki. Basi. Kikaoni nikawa katibu, maana nyumbani kwetu mimi ndiye niliyefaulu Kiswahili kuliko wote (cheka tu, nimeshazoea). Nikaandika "mwangalizi wa shamba".

Akatokea bingwa mmoja wa barazani, wale wanaovaa miwani ya kusomea hata wakicheza bao. Sheria hajaisomea siku moja, ila kila mwenye kesi lazima ampitie. Akasoma karatasi yangu, akacheka. "Mwangalizi ndiyo kitu gani? Andikeni msimamizi wa mirathi, mahakamani ndilo wanalolijua. Maneno ni mamoja hayo." Akapokea elfu ishirini na kahawa juu. Mimi, bingwa wa Kiswahili wa nyumbani, nikalikata neno langu kwa mstari mmoja nikaandika lake. Mstari ule ndio uliouza shamba.

Maneno ni mamoja! Nenda kaangalie uchaguzi. Waangalizi huja na vizibao vyao, huzunguka vituoni, huandika ripoti, hurudi makwao. Msimamizi wa uchaguzi wa jimbo ndiye anayetangaza mshindi. Sasa niambie, ungekuwa mgombea, yupi angekukosesha usingizi?

Ila sijilaumu peke yangu, neno lenyewe lina hila. Limezaliwa na kusimama, ikaongezwa -ia, likawa kusimama kwa ajili ya kitu, au juu yake. Yupi kati ya hao wawili? Hapo ndipo tunapopotelea. Msimamizi wa mtihani hajibu swali hata moja. Msimamizi wa harusi anasimama na bwana harusi, haoi yeye. Kwa hiyo sisi kikaoni tulisikia mtu wa kusimama pembeni. Kumbe msimamizi wa mirathi anasimama pale pale alipokuwa kasimama marehemu: anawadai waliokopa kwa marehemu, analipa aliyokopa marehemu, anasaini. Mnyapara wa mkonge huku kwetu manamba (vibarua wa mashambani) walimwogopa kuliko meneja, lakini hakuwa na uwezo wa kuuza hata robota moja. Sisi tulikuwa tunatafuta mnyapara, tukaandika meneja, tena mwenye muhuri wa mahakama. Hata mashamba ya pwani ya enzi za utumwa yalikuwa na ngazi zake za kusimamia kazi: msimamizi, chini yake nokoa, chini yake kadamu, na juu ya wote mwenye shamba. Huyu wa mirathi mwenye shamba wake ameshazikwa. Nani wa kumwita amuulize?

Muhtasari wa kikao ukapelekwa mahakama ya mwanzo, tangazo likabandikwa ubaoni. Nani apinge, na wote tumesaini? Ami akapewa barua yake ya usimamizi. Mwaka haujaisha, nimekuja Idi, nakuta uzio wa waya na bango la jina la mtu nisiyemjua. Namuuliza ami, ananijibu kwa upole kabisa: "Si nilikuwa nasimamia?" Eti kulikuwa na madeni ya marehemu.

Tukarudi mahakamani, na huko ndiko tulikofundishwa, kwa kuchelewa, kwamba msimamizi anayeteuliwa mahakama ya mwanzo ana miezi minne ya kuleta orodha ya mali na madeni kwenye fomu namba 5, kisha hesabu kwenye fomu namba 6. Sisi hatukuwahi kuuliza fomu yoyote, tulikuwa tunasubiri hela za nazi. Hakimu akauinua muhtasari: "Nani kaandika hapa?" Ukumbi mzima ukanitazama. Hesabu zikaletwa, tukagawana kilichosalia. Fungu langu lilinunua simu, nayo imeshaibwa. Tanga, wanasema, waja leo waondoka leo; minazi nayo ikafuata desturi.

Na yule bingwa? Bado yupo barazani. Nilipomfuata akaniambia, "Mimi nilishauri tu, sikusaini popote." Unaona? Yeye mwenyewe tofauti alikuwa anaijua vizuri!

Kwa hiyo Jumamosi, kabla ya kutaja cheo chochote, andikeni vitenzi. Mjomba atakaa, atakusanya kodi, atalipa umeme na maji, ataleta risiti kila mwezi. Hatauza. Hataweka rehani. Hatamkabidhi mtu mwingine. Vitenzi vikishakaa kwenye karatasi, ndipo mtafute jina linalovitosha, na hapo mtaona ni mwangalizi wa nyumba. Msimamizi wa mirathi bado mtamhitaji, kwa kuwa nyumba haitahamia majina yenu bila yeye. Basi awe mmoja wenu ninyi watoto, au wawili kwa pamoja, mahakama inaruhusu, na ile miezi minne muizungushie wino kwenye kalenda ya ukutani. Mjomba akinuna kwamba mmemwita mwangalizi kama mlinzi wa geti, mwacheni anune. Kununa hakuuzi nyumba.

Wiki iliyopita nilipita njia ile ya Pangani nikasimama kidogo nje ya uzio. Kijana wa getini akaja kuniuliza nataka nini. Nikamwambia naangalia tu.