Dodoma hadi Dar es Salaam: Mbona Ndege Haitumii Nusu Saa?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeelezwa kwamba kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam kwa njia ya anga ni kilomita zisizofika 400, na kwamba Airbus huenda kilomita zaidi ya 800 kwa saa. Mbona basi tiketi inaonyesha safari ya zaidi ya saa moja? Nampeleka mama kliniki Muhimbili na ningependa kupanga muda vizuri. – Msomaji, Kisasa, Dodoma.

JIBU: Umbali ulioelezwa ni sahihi. Mstari ulionyooka kutoka uwanja wa ndege wa Dodoma hadi ule wa Julius Nyerere una takriban kilomita 390, wakati barabara inayopita Kibaigwa, Gairo, Morogoro na Chalinze ina kama kilomita 450. Kinachopotosha ni kasi. Kilomita 800 kwa saa ni mwendo wa ndege iliyokwisha kufika juu na kutulia, na katika safari fupi kama hii kipindi hicho ni kidogo mno, kwa kuwa rubani akimaliza kupaa hubakiwa na dakika chache tu kabla ya kuanza kushuka. Na katika kushuka hana budi kupunguza mwendo, kusubiri zamu iwapo mbele yake kuna ndege nyingine, na pengine kuzungukia upande wa pili wa uwanja, maana ndege hutua ikiukabili upepo.

Aidha, muda wa kwenye tiketi hauanzi magurudumu yanapoacha ardhi, bali huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na huisha inapoegeshwa kule iendako. Ndiyo maana ndege ya pangaboi kama Q400, yenye mwendo wa kilomita 600 na ushei kwa saa, haiachwi mbali na Airbus: hata ukizigawanya kilomita 390 kwa kasi hizo mbili bila kujali kupaa wala kushuka, tofauti haizidi dakika 10.

Kwa safari yenu, hata hivyo, muda wa angani si wa kuuhangaikia sana. Jumlisha kuwahi uwanjani, kukaguliwa, kusubiri mizigo, kisha foleni ya Barabara ya Nyerere hadi Upanga iliko Muhimbili, foleni ambayo asubuhi haina adabu. Treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, hutumia kama saa tatu na nusu, lakini hukushusha katikati ya jiji, jirani kabisa na Upanga. Mimi ningempandisha mama treni siku moja kabla ya kliniki, isipokuwa kama afya yake haimruhusu kukaa kitini muda huo wote. Mkichagua ndege, ombeni kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi, kwa sababu ndege nyingi za safari za ndani hupandwa kwa ngazi nyembamba.

SWALI: Na Dodoma hadi Mwanza je? – Msomaji, Area C.

JIBU: Angani ni kilomita 515 hivi, na kwa barabara ya Singida, Nzega na Shinyanga ni takriban 700. Kabla ya kulipa, muulize wakala kama ndege ni ya moja kwa moja, kwani inayounganisha Dar es Salaam hukupeleka kwanza mashariki, ilhali Mwanza iko kaskazini-magharibi, na hapo hesabu ya kilomita haikusaidii tena.